Daktari Anajibu: Misuli ikiugua, mapigo ya moyo nayo yapimwe

Barua tulizopokea safari hii kutoka Mwanza na maeneo mengine ya kando ya Ziwa Victoria zinahusu ugonjwa ambao wengi hawaujui kwa jina, hata pale wanapoishi nao nyumbani. Ni mchochota wa misuli, ambao madaktari huuita mayositisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia misuli yenyewe na kuishambulia, na misuli inayodhoofika zaidi ni ya mapaja, nyonga, mabega na shingo. Wanaopata pamoja nao vipele na mabadiliko ya ngozi huambiwa wana dematomayositisi. Wasio na dalili za ngozi, wengi wao wamekuwa wakiambiwa wana polimayositisi. Waandishi wa barua hizi wanauliza kuhusu mapigo ya moyo, nami nimeamua kuwajibu kwa kirefu, kwa kuwa moyo nao ni msuli, na katika ugonjwa huu husahaulika mara nyingi mno.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, ninaishi Igogo, juu kabisa kwenye mawe. Mwaka jana nilianza kushindwa kupanda ngazi za kwenda nyumbani, kisha nikashindwa hata kuinua mikono kumsuka mwanangu. Nilizunguka sana nikitibiwa baridi yabisi, hadi nilipogunduliwa kuwa na polimayositisi na kuanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza mchochota. Nguvu zimeanza kurudi. Lakini sasa, usiku nikilalia ubavu wa kushoto, nasikia moyo unaruka pigo moja kisha unapiga kwa kishindo. Mara nyingine unakwenda mbio kwa dakika kadhaa bila mimi kufanya kazi yoyote. Mume wangu anasema ni mawazo. Je, ni mawazo, ni dawa, au ugonjwa umefika kwenye moyo? (Mama S., Igogo)

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuhangaika muda mrefu kabla ya ugonjwa wako kutambuliwa. Kati ya hayo matatu uliyoyataja, hakuna ninaloweza kuliondoa nikiwa mbali nawe, lakini naweza kukuambia kwa uhakika kwamba mgonjwa wa mayositisi hapaswi kuambiwa kuwa ana mawazo kabla moyo wake haujapimwa.

Moyo una umeme wake. Umeme huo huanzia kwenye kifundo kidogo kilichopo sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia, ambacho kwa mtu mzima aliyetulia huamuru mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Hupita katika vyumba vya juu, hufika kwenye kifundo cha pili katikati ya moyo, hucheleweshwa hapo kidogo ili vyumba vya juu vimalize kusukuma damu, kisha huteremka kwa matawi mawili, la kulia na la kushoto, hadi vyumba vya chini. Njia yote hiyo imeundwa na chembe za msuli wa moyo zilizojengeka kwa kazi maalumu ya kupitisha umeme, na kwa hiyo mchochota ukiingia kwenye msuli wa moyo unaweza kuifikia njia hiyo pia. Mchochota ukiwa mkali, chembe zilizochokozwa hutoa mapigo yasiyo ya wakati wake. Ukipoa na kuacha makovu, kovu halipitishi umeme, na hapo umeme huchelewa, hukatika, au huzunguka kovu na kurudi ulikotoka, jambo linaloweza kuanzisha mapigo ya kasi.

Kinachowapotosha wengi, wakiwemo baadhi yetu wahudumu wa afya, ni ukimya wa hali hii. Wagonjwa wengi wa mayositisi ambao mioyo yao imeguswa hawasikii chochote kifuani. Mabadiliko huonekana tu kwenye kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho hospitalini huitwa ECG. Tena moyo na misuli ya mikono na miguu haviendi sawa wakati wote, kwani mtu anaweza kurudi kupanda ngazi vizuri huku njia ya umeme wa moyo wake ikiendelea kuharibika. Nafurahi sana kusikia kwamba nguvu zako zinarudi, lakini hilo peke yake halitoshi kusema kuwa moyo uko salama.

Sasa nije kwenye unachokisikia. Pigo linaloruka na kufuatiwa na kishindo kwa kawaida ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Baada yake moyo hutua kidogo, hujaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata husukuma kwa nguvu, ndilo unalolisikia. Ukilalia ubavu wa kushoto moyo husogea karibu na ukuta wa kifua, kwa hiyo unausikia zaidi. Mapigo ya namna hiyo hupatikana hata kwa watu wazima wenye afya njema na mara nyingi hayana madhara. Kwa mtu mwenye mayositisi uzito wake hutegemea ni mengi kiasi gani, yanatoka chumba kipi, na msuli wa moyo uko katika hali gani. Kule kwenda mbio kwa dakika kadhaa ukiwa umetulia ndiko kunakonifanya nikuhimize usisubiri siku ya kliniki ijayo.

Dawa nayo ina sehemu yake. Prednisoloni, hasa kwa dozi kubwa ya mwanzo ambayo mara nyingi hufikia miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, huondoa usingizi, hupandisha shinikizo la damu na sukari, na huufanya mwili upoteze madini ya potasiamu kupitia mkojo. Potasiamu ikipungua, mapigo ya moyo huvurugika hata kwa moyo mzima. Hatari huongezeka kwa mgonjwa anayetumia pia dawa ya kukojoza kwa sababu ya miguu kuvimba, au anayeharisha na kutapika.

Kwa hiyo nenda hospitali yenye kipimo cha ECG na uombe kipimo hicho kwanza. Mwanza mjini utakipata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, na kwa wanaopewa rufaa, Bugando. Ombi la pili ni damu: potasiamu, magnesiamu, wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo. Usiishangae hiyo ya mwisho, kwa maana tezi inayofanya kazi kupita kiasi hudhoofisha misuli na kukimbiza moyo kwa wakati mmoja, na upungufu wa damu, ambao kwa kina mama ni wa kawaida mno, nao hukimbiza moyo bila moyo wenyewe kuwa na kasoro. La tatu ni ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inayoonyesha kama msuli unasukuma vizuri. ECG ya kawaida hunasa sekunde chache tu, na moyo wako unaweza kutulia kabisa wakati huo. Ikitokea hivyo, daktari anaweza kukuandikia kifaa kidogo kinachovaliwa mwilini kwa saa 24 au zaidi kikirekodi kila pigo, kiitwacho Holter.

Wakati ukisubiri, jifunze kupima mapigo yako. Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu kwa dakika nzima, kisha andika idadi, saa, na kama mapigo yalikuwa yanakwenda sawa au yanapishanapishana. Mume wako akusaidie kuhesabu. Naamini akiyasikia yeye mwenyewe chini ya vidole vyake atalichukua jambo hili kwa uzito mwingine. Na ikiwa moyo utakwenda mbio huku ukipata kizunguzungu kikali, kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usiandike chochote, nenda kitengo cha dharura saa hiyo hiyo. Kukosa pumzi kwa ghafla kuna sababu nyingine pia kwa wagonjwa hawa: damu yao huelekea kuganda kuliko kwa watu wengine, hasa katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa, na bonge la damu likisafiri kutoka mguuni hadi kwenye mapafu hukimbiza moyo vilevile.

SWALI: Daktari, salamu kutoka Sengerema. Mke wangu ana dematomayositisi. Alipolazwa, kipimo cha damu cha CK-MB kilikuwa juu sana na muuguzi mmoja akatuambia amepata shambulio la moyo. Baadaye daktari akasema si hivyo, lakini kwenye ECG tawi la kulia la umeme wa moyo limeziba. Tumeambiwa turudi baada ya miezi sita. Mke wangu hasikii chochote moyoni. Nimechanganyikiwa: ana ugonjwa wa moyo au hana? (Mume mwenye wasiwasi)

JIBU: Kaka, kuchanganyikiwa kwako kuna sababu, na nitaanza na damu.

Misuli inapoharibika humwaga vimeng'enya kwenye damu. Kikubwa chao ni CK, ambacho kwa mgonjwa wa mayositisi kinaweza kupanda mara nyingi kupita kiwango cha kawaida. CK-MB ni sehemu ya CK ambayo zamani ilitegemewa kuonyesha kuumia kwa moyo, lakini misuli ya mwili inayojijenga upya baada ya kuharibika nayo hutoa CK-MB. Hata kipimo kipya zaidi, troponini, kina aina mbili ambazo hazilingani kwa wagonjwa hawa, kwa kuwa troponini T inaweza kupanda kutokana na misuli ya mwili peke yake, ilhali troponini I huelekeza kwenye moyo kwa uhakika zaidi. Kwa hiyo daktari aliyewaambia kwamba CK-MB ya juu haitoshi kuthibitisha shambulio la moyo alisema kweli. Siku nyingine mkiambiwa kipimo cha moyo kiko juu, ulizeni kwa adabu ni kipimo kipi, na kama troponini I inaweza kupimwa.

Kuhusu tawi la kulia, hilo linapoziba umeme hufika chumba cha chini cha kulia kwa kuzunguka kupitia upande wa kushoto, hivyo chumba hicho husukuma kwa kuchelewa kidogo sana. Mtu hahisi, na pampu haipungui kwa sababu hiyo. Wapo watu wasio na ugonjwa wowote wenye hali hiyo tangu ujana. Lakini kuziba kwa tawi la kulia, pamoja na kuziba kwa kijitawi cha mbele cha upande wa kushoto, ni miongoni mwa mabadiliko ya ECG yanayoonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa mayositisi, na kwa hiyo siwezi kukuambia ulichukulie kuwa ni la kawaida. Swali lenye uzito ni kama hali hiyo ilikuwepo kabla ya ugonjwa, na kama inasonga mbele. Tawi moja likiziba, mgonjwa anaishi vizuri. Yakianza kuziba na mengine, njia zinazobaki za umeme kushuka huwa chache.

Hapa nina ombi kwako, na kwa kila anayesoma ukurasa huu akiwa na mgonjwa wa aina hii nyumbani. Ile karatasi ya ECG msiiache ikapotea kwenye faili la wodini. Ombeni nakala, au ipigeni picha kwa simu, muihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, tarehe ikisomeka. Thamani ya ECG ya kwanza huonekana siku ya ECG ya pili, daktari anapoziweka pamoja na kuona kilichobadilika. Mgonjwa anayehamishwa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha mkoa, kisha kanda, mara nyingi hufika na bahasha tupu, na kila daktari huanza upya kama vile ndiyo siku ya kwanza ya ugonjwa. Jambo hili huniumiza sana, kwa sababu kulizuia hakuhitaji mashine wala fedha nyingi.

Miezi sita inafaa ikiwa mkeo hana dalili na ECHO yake ni nzuri. Ikiwa ECHO haikufanyika, iombeni sasa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, safari ya kuja Mwanza haitegemei tena foleni ya kivuko. Msisubiri tarehe hiyo endapo atazimia au kukaribia kuzimia, mapigo yake yatashuka chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, au ataanza kuvimba miguu na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Niongeze neno kuhusu ngozi, ingawa hukuuliza. Vitabu vingi husema vipele vya dematomayositisi ni vyekundu au vya zambarau. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au hudhurungi kwenye kope, kifuani na juu ya vifundo vya vidole, na wengi hupoteza miezi wakitibiwa fangasi au wakilaumiwa kwa vipodozi. Ndugu wakiona hivyo kwa mtu anayeinuka kwenye kigoda kwa shida, wampeleke hospitali.

SWALI: Habari Daktari. Ninavua sangara Igombe. Nina dematomayositisi, na kwa ajili ya ngozi nimepewa haidroksiklorokwini pamoja na dawa nyingine. Mwezi uliopita nilipata malaria, nikanunua dawa mseto dukani, na siku ya pili moyo ulinienda ovyo hadi nikaketi chini kwenye mtumbwi. Wenzangu wanasema dawa ya malaria imegombana na dawa yangu. Je, ni kweli? Na nikiugua tena nifanye nini? (Mvuvi, Igombe)

JIBU: Ndugu yangu, wenzako huenda wamesema jambo la kweli, ingawa sababu inaweza pia kuwa homa yenyewe na kupungukiwa maji juani.

Baada ya kila pigo, msuli wa moyo huhitaji muda mfupi wa kujiandaa upya kiumeme. Muda huo hupimwa kwenye ECG na huitwa QT. Dawa kadhaa huurefusha, na ukirefuka kupita kiasi moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya kasi ya hatari yanayoanzia vyumba vya chini. Haidroksiklorokwini ni mojawapo. Ni ndugu wa karibu wa klorokwini, ile dawa ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa mwasho wake na ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Dawa mseto nayo huweza kurefusha QT kidogo, kwinini zaidi yake. Wamo pia azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini na flukonazoli, ambazo kwenye maduka ya dawa huuzwa kila siku kwa kikohozi, tumbo na fangasi. Moja peke yake kwa mtu mwenye moyo mzima mara nyingi haileti shida. Mbili au tatu pamoja, kwa mtu ambaye moyo wake unaweza kuwa na mchochota, ambaye prednisoloni imempunguzia potasiamu na homa imemtapisha, ni mkusanyiko ninaouogopa. Haidroksiklorokwini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza pia, mara chache, kudhoofisha misuli na moyo yenyewe, kwa hiyo udhaifu mpya usihesabiwe moja kwa moja kuwa ni ugonjwa umerudi.

Usinielewe vibaya hata kidogo: malaria isiyotibiwa inaua, na kwa mtu ambaye dawa zake zinapunguza kinga ya mwili, kuchelewa ni hatari zaidi. Sikuambii uiogope dawa mseto. Nakuambia usiimeze kabla ya kupima malaria kwa kipimo cha haraka, na ukipatikana nayo utibiwe kwenye kituo cha afya ambako utaonyesha dawa zako zote, ili mhudumu aamue kama haidroksiklorokwini isimamishwe kwa siku hizo, kama ECG inahitajika, au kama hali yako inataka sindano ya artesuneti ambayo haina tatizo hili la QT. Kata kipande cha boksi cha kila dawa unayotumia, uvihifadhi pamoja kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji. Ikiwa miongoni mwa dawa hizo kuna methotreksati, ambayo ni dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mwambie pia mhudumu asikupe Septrin, kwa sababu mchanganyiko wa dawa hizo mbili unaweza kuzuia kabisa utengenezaji wa damu mwilini.

Sasa kuhusu mtumbwi. Mpaka ECG na ECHO zako zisomwe na upewe jibu, nakuomba usiende ziwani. Najua ninaomba mlo wa watoto, na siandiki hivi kwa wepesi. Mtu akizimia sokoni huanguka na kuinuliwa; akizimia usiku katikati ya maji huzama. Ukiruhusiwa kurudi, usiende peke yako, vaa jaketi la kuokolea, na funika uso, kifua na mikono, kwa sababu jua, pamoja na lile linalorudishwa na maji, huchochea ugonjwa wa ngozi yako.

SWALI: Dada Daktari, prednisoloni imenivimbisha uso hadi watu wananiuliza kama ni mimi. Nimefikiria kuiacha kwa siku chache kabla ya harusi ya mdogo wangu. Pia nimesikia ndizi zinarudisha potasiamu. (Msomaji, Buhongwa)

JIBU: Mdogo wangu, usiiache. Ukimeza prednisoloni kwa wiki kadhaa, tezi zinazotengeneza homoni ya asili ya namna hiyo hulala; ukiacha ghafla, shinikizo la damu linaweza kuporomoka, na mchochota ukapata nafasi ya kurudi kwenye misuli, moyo ukiwemo. Dozi hupunguzwa na daktari hatua kwa hatua, na wengi huongezewa methotreksati au azathioprini ili ipungue mapema zaidi. Mwambie daktari wako waziwazi kwamba uso unakuumiza. Ni malalamiko halali. Ndizi ni nzuri, hata maharage na viazi vitamu, lakini upungufu mkubwa wa potasiamu hautibiwi kwa chakula, na anayetumia vidonge vya shinikizo kama lisinopril au spironolaktoni anaweza kuwa nayo nyingi mno, hali inayoweza kuusimamisha moyo. Pima kwanza. Chumvi ipunguze, kuanzia kwenye dagaa waliotiwa chumvi.

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninaandika kutoka Ukerewe kwa niaba ya mama yangu mwenye miaka 58. Ana polimayositisi tangu muda mrefu na miguu yake sasa ina nguvu nzuri tu. Lakini amezimia mara mbili akiwa anaosha vyombo. Anaanguka ghafla bila kuona dalili, kisha anaamka akiwa na akili zake timamu. Kuna ndugu wanaosema ni kifafa, wengine wanasema amerogwa. ECG aliyopimwa wiki iliyopita, tumeambiwa umeme wa juu haushuki chini na anahitaji betri ya moyo. Mama amekataa, anasema hataki kuishi na chuma kifuani. (Binti yake, Nansio)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hii ndiyo barua iliyonifanya niombe nafasi ya ziada katika toleo hili, na nakusihi umsomee mama jibu hili leo.

Kuanguka kwa ghafla bila onyo na kuamka haraka akili ikiwa timamu ni picha ya ubongo uliokosa damu kwa sekunde chache kwa sababu moyo ulisita. Mtu wa kifafa kwa kawaida huamka akiwa amechoka, amechanganyikiwa, na hurudiwa na fahamu polepole, ingawa mtiririko huo si sheria. Kwa mama yako hatuhitaji hata kubahatisha, kwani ECG imeonyesha sababu. Umeme wa vyumba vya juu hauvuki kifundo cha katikati, na vyumba vya chini vinajipigia vyenyewe kwa mwendo wa polepole, ambao kwa kawaida uko chini sana ya mapigo 60 na unaweza kusita wakati wowote. Hakuna aliyemroga. Mchochota wa miaka mingi unaweza kuacha kovu kwenye njia ile ya umeme huku miguu ikiwa imepona, na ndiyo sababu wengi wenu mlishangaa.

Swali ambalo madaktari watajiuliza ni kama mchochota bado unawaka ndani ya moyo. Ukiwa unawaka, wataongeza dawa za kuutuliza, na mara nyingine umeme huboreka. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuzimia mara mbili, hatusubiri kuona kama dawa zitafanya hivyo akiwa nyumbani.

Betri ya moyo ni kifaa kidogo, kinachoenea kwenye kiganja na kubakiza nafasi, kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, kwa kawaida upande wa kushoto. Waya laini hupitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Kifua hakipasuliwi, na mara nyingi hutumika ganzi ya eneo hilo tu. Kifaa husikiliza moyo, na unapokawia ndipo kinapotuma umeme mdogo ambao mama hatauhisi. Hudumu miaka kadhaa, mara nyingi 8 hadi 12, kisha hubadilishwa. Ataosha vyombo, atapika, atakwenda kanisani au msikitini, atapanda mashua. Simu asiiweke kwenye mfuko wa kifuani upande wa kifaa, aipeleke sikio la upande mwingine, na kila mahali pa matibabu atangulie kusema kwamba ana betri ya moyo, hasa kabla ya kipimo cha MRI. Kwa kuwa dawa zake hupunguza kinga, kidonda kiangaliwe kwa makini zaidi ya kawaida: wekundu, joto, usaha au homa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, na antibiotiki za dukani zisitangulie. Betri haitatibu misuli, hivyo dawa zake za mayositisi zitaendelea kama kawaida.

Kuhusu hofu yake ya chuma, msikilizeni kwanza kabla ya kumshawishi. Wazee wengi wanaokataa huwa wanaogopa kitu kingine wasichokitaja, kama gharama, au kufia mbali na nyumbani, au kuwa mzigo kwa watoto. Mwulize lipi kati ya hayo, kisha lijibuni hilo. Nendeni na kadi yake ya bima kama anayo, na kama hana, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ielezwe mapema, isisubiri bili.

Sasa safari. Asisafiri peke yake, na mtu aliyezimia mara mbili asiwekwe nyumbani Ukerewe kusubiri ratiba ya kliniki, kwa maana likitokea jambo usiku, kuna maji kati yenu na Mwanza. Kesho asubuhi mrudisheni hospitali ya wilaya hapo Nansio na mwombe rufaa ya dharura kwenda Bugando, mkiwa na karatasi ya ECG mkononi. Wataalamu wa moyo wa pale ndio watakaoamua kama ataendelea kutibiwa hapo au atapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ambako betri hizi huwekwa. Akiwa njiani asisimame kwa muda mrefu, asioge peke yake kwa kufunga mlango, na asimeze dawa yoyote ya kupunguza mapigo ya moyo, kama propranololi au atenololi, hata kama aliwahi kuandikiwa kwa ajili ya shinikizo la damu, mpaka daktari atakayempokea aone orodha yote ya dawa zake.